Istilahi za Bioanuwai na Sera ya Umma: Kutoka Kikao cha Wanasayansi hadi Baraza la Chifu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika safari ya maarifa ya kisayansi kutoka kwa watafiti hadi kwa watungasera na hatimaye hadi kwa mwananchi. Mfano unaotumika ni ushirikiano wa kimataifa katika sayansi ya bioanuwai, hususan kazi ya Jukwaa la Kiserikali la Sayansi na Sera kuhusu Bioanuwai na Huduma za Mfumoikolojia, linalojulikana kwa kifupi kama IPBES. Hoja kuu ni kwamba ushirikishwaji wa umma ambao Katiba ya Kenya unaudai hauwezi kutimia iwapo istilahi za sayansi hazijapata makao katika lugha ambayo umma unaielewa. Visa viwili kutoka Baringo, yaani mti wa mathenge na vijiumbe vya Ziwa Bogoria, vinatumika kuonyesha gharama ya pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 22 Mei 1992, jijini Nairobi, wajumbe wa mataifa waliafikiana kuhusu matini ya Mkataba wa Bioanuwai. Majuma mawili baadaye, tarehe 5 Juni, mkataba huo ulifunguliwa ili utiwe saini huko Rio de Janeiro, na ulianza kutumika rasmi tarehe 29 Desemba 1993. Ndiyo sababu tarehe 22 Mei huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kimataifa ya Bioanuwai. Aghalabu Wakenya hawakumbuki kwamba siku hiyo ilizaliwa nyumbani kwao.

Matini iliyoafikiwa Nairobi ina nakala rasmi katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili, lugha inayosikika katika kila mtaa wa jiji hilo, hakimo. Jambo hili si la kulalamikia tu, kwa kuwa Umoja wa Mataifa una lugha zake rasmi na utaratibu wake. Linazua swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kulijibu: Je, maarifa yaliyokusanywa na wanasayansi wa dunia nzima humfikiaje mfugaji, mvuvi au mkulima ambaye sera inayotokana na maarifa hayo itamgusa?

Makala haya yamegawika katika sehemu tano kuu. Kwanza, tutaeleza jinsi ushirikiano wa kisayansi unavyofanya kazi. Pili, tutachanganua baadhi ya istilahi za bioanuwai katika Kiswahili. Tatu, tutajadili tatizo la kufasiri viwango vya uhakika. Nne, tutatazama visa viwili vya Baringo. Tano, tutajibu pingamizi na kutoa mapendekezo.

2.0 Sayansi inavyoingia katika sera

Mkataba wa mwaka 1992 uliyapa mataifa wajibu wa kuhifadhi bioanuwai, lakini wajibu huo ulihitaji takwimu na uchambuzi wa kuaminika. Kati ya mwaka 2001 na 2005 wataalamu wapatao 1,360 kutoka nchi 95 walishiriki katika Tathmini ya Mifumoikolojia ya Milenia. Kazi hiyo ilionyesha kwamba tathmini ya dunia nzima inawezekana. Ilionyesha pia kwamba tathmini isiyo na serikali nyuma yake ni rahisi kusifiwa na kuwekwa kabatini.

Mazungumzo ya kuunda chombo cha kudumu yalifuata. Mkutano wa pili wa wadau ulifanyika Nairobi mwaka 2009, na ule wa tatu ukafanyika Busan, Korea Kusini, mwaka 2010. Kikao cha kwanza cha mkutano wa kuunda jukwaa kilifanyika tena Nairobi mwaka 2011, na IPBES ikaundwa rasmi jijini Panama mwezi wa Aprili 2012. Sekretarieti yake iko Bonn, Ujerumani. Mataifa wanachama yamezidi 140.

Utaratibu wa jukwaa hili unafaa kueleweka. Serikali huomba tathmini kuhusu mada fulani. Wataalamu huteuliwa kutoka maeneo mbalimbali ya dunia, nao hufanya kazi hiyo bila mshahara. Hawafanyi utafiti mpya. Husoma tafiti zilizokwisha kuchapishwa, huzilinganisha na kuzipima. Rasimu hupelekwa kwa wahakiki wa nje na kwa serikali. Mwishowe, muhtasari kwa watungasera huletwa mbele ya kikao cha wanachama wote, ambapo wajumbe wa serikali huupitia mstari kwa mstari pamoja na wanasayansi hadi waafikiane. Serikali haiwezi baadaye kudai kwamba haikuyajua yaliyoandikwa, maana mjumbe wake alikuwamo ukumbini wakati kila sentensi ilipokubaliwa. Hata hivyo, muhtasari hauiamrishi serikali yoyote ifanye nini. Unaeleza hali ilivyo na hatua zinazowezekana. Uamuzi unabaki kwa wenye mamlaka na kwa wananchi wao.

Tathmini ya kwanza, iliyohusu wachavushaji, ilipitishwa Kuala Lumpur mwaka 2016. Ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, angalau kwa kiasi fulani, uchavushaji unaofanywa na wanyama. Tathmini ya dunia nzima ilipitishwa Paris mwezi wa Mei 2019. Iliandikwa na wataalamu 145 kutoka nchi 50, na ilitegemea vyanzo vipatavyo 15,000. Mwezi wa Desemba 2022, mataifa yalipopitisha Mfumo wa Bioanuwai wa Kunming na Montreal wenye shabaha 23, matokeo ya tathmini hiyo yalikuwa miongoni mwa misingi ya mjadala. Mojawapo ya shabaha hizo, ile ya 3, inalenga kuhifadhi angalau asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030. Wafugaji na wavuvi wengi wanaishi katika maeneo ambayo shabaha hiyo itayagusa.

Hivyo basi, sentensi inayojadiliwa ukumbini Paris au Bonn huweza kugeuka kuwa shabaha ya mkataba, shabaha ikawa sera ya taifa, nayo sera ikawa kanuni inayomwambia mtu mahali pa kulisha mbuzi wake. Katika kila hatua ya mnyororo huu kuna lugha. Katika hatua ya mwisho, lugha hiyo ni Kiswahili au lugha ya mama ya jamii husika.

3.0 Istilahi na dhana zake

3.1 Bioanuwai

Neno bioanuwai ni mseto. Sehemu ya kwanza, bio-, ni ya Kigiriki na imetufikia kupitia lugha za Ulaya. Sehemu ya pili, anuwai, imetoka Kiarabu na ina maana ya aina mbalimbali. Kiarabu chenyewe, kinapoitaja dhana hii, hutumia neno la mzizi uo huo. Kwa hiyo istilahi hii ni fupi, inazalisha maneno mengine na inafungamana na istilahi za kimataifa. Kasoro yake ni uwazi. Msemaji wa kawaida anaweza kulijua neno anuwai, lakini kiambishi bio- hakimwambii lolote.

Zaidi ya hayo, umbo lenyewe halijatulia. Katika maandishi ya Kiswahili tunakutana na bioanuwai, bayoanuwai, baioanuwai na viumbe anuwai. Mwanafunzi anaweza kuona hili kuwa suala dogo la tahajia. Lakini ofisa wa kaunti anayetafuta maandishi kuhusu dhana hii atapata sehemu tu ya yaliyomo, kwa kuwa mengine yamefichwa chini ya umbo tofauti. Tunapendekeza bioanuwai, kwa sababu linaoana na biolojia, umbo lililotumiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia.

3.2 Uchavushaji

Istilahi hii ni mfano wa mafanikio. Nomino chavua, yaani ungaunga wa ua, imezaa kitenzi chavusha, nacho kikatupa uchavushaji, mchavushaji na wachavushaji. Mnyambuliko ni wa Kibantu tupu, na mkulima anayejua chavua anaweza kuifikia maana bila msaada mkubwa. Istilahi ikitokana na mzizi hai, sarufi yenyewe hufanya kazi ya ualimu.

3.3 Spishi na majina ya wenyeji

Kiswahili kimekopa spishi kwa sababu neno aina ni pana mno. Ukopaji huu ni wa lazima, kama Ziwa Viktoria linavyoonyesha. Wavuvi wa upande wa Tanzania huwaita samaki fulani wadogo furu. Wajaluo huwaita fulu. Jina hilo moja linajumuisha spishi zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 500. Kuanzia mwaka 1977 kundi la watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, lilifanya kazi na wenzao wa Tanzania katika Ghuba ya Mwanza likichunguza samaki hawa. Katika miaka ya 1980 sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na ambaye aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka kwa kasi kubwa. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Aliyekuwa na jina moja tu angesema kwamba furu wamepungua. Kwa kuwa sayansi ilikuwa na majina mengi, iliweza kusema nini hasa kilichopotea.

Lakini isidhaniwe kwamba sayansi daima hubainisha zaidi ya wenyeji. Mnazi ni spishi moja kwa mwanasayansi. Mswahili wa pwani hulitofautisha tunda lake kwa hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, na hatimaye nazi. Kila hatua ina matumizi yake na bei yake. Uainishaji wa wenyeji hufuata matumizi na maisha. Ule wa kisayansi hufuata nasaba. Sera nzuri inahitaji yote mawili, na mfasiri mwema hulitunza kila moja mahali pake.

3.4 Huduma, manufaa au neema?

Jina la IPBES lina neno huduma. Katika Kenya ya leo neno hili huleta picha ya ofisi, foleni na karani. Je, msitu hutoa huduma? Baadhi ya mataifa, hasa ya Amerika Kusini, yalipinga kwamba dhana ya huduma inaugeuza uhai kuwa bidhaa ya sokoni. Kutokana na mjadala huo, mfumo wa dhana uliopitishwa na IPBES mwaka 2013 uliweka dhana mbalimbali sambamba: mahali ambapo mwanasayansi husema bioanuwai na mifumoikolojia, jamii nyingine husema Mama Dunia, na mahali ambapo mwanauchumi husema huduma, wengine husema zawadi za maumbile. Baadaye wataalamu wa jukwaa hilo walianza kutumia dhana pana zaidi, yaani michango ya maumbile kwa watu.

Hili ni somo kubwa kwa wanaistilahi wetu. Serikali zilikubali, kwa maandishi, kwamba dhana moja inaweza kutajwa kwa zaidi ya njia moja bila sayansi kuharibika. Kiswahili nacho kina maneno yaliyokomaa katika uwanja huu: neema, riziki, manufaa, amana. Amana ni kitu ulichowekewa ukitunze, nawe utakirudisha. Anayeuita msitu amana ameshataja wajibu wa vizazi, jambo ambalo neno huduma halilitaji. Hatusemi kwamba huduma za mfumoikolojia ifutwe katika ripoti za kiufundi. Tunasema kwamba mwandishi wa Kiswahili anayeeleza dhana hii barazani ana hazina nyingine karibu, na hana sababu ya kuiacha.

4.0 Kufasiri uhakika

Tatizo ambalo hutajwa mara chache katika mijadala ya istilahi ni lile la viwango vya uhakika. Kila hitimisho kuu katika tathmini za IPBES huambatanishwa na kiwango cha uhakika kinachopimwa kwa mambo mawili: wingi na ubora wa ushahidi, na kadiri ya maafikiano miongoni mwa wataalamu. Viwango ni vinne. Tunapendekeza viitwe hivi kwa Kiswahili:

(a) imethibitika barabara: ushahidi ni mwingi na maafikiano ni makubwa;
(b) imethibitika kwa sehemu: maafikiano ni makubwa lakini ushahidi bado ni haba;
(c) ina utata: ushahidi ni mwingi lakini wataalamu hawajaafikiana;
(d) haijabainika: ushahidi ni haba na maafikiano ni madogo.

Tulinganishe sentensi mbili kuhusu matokeo ya mwaka 2019:

(i) Spishi milioni 1 zitaangamia.
(ii) Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo milioni 1 zinakabiliwa na hatari ya kuangamia, nyingi zikiwa zitaangamia katika miongo michache ijayo, iwapo hatua hazitachukuliwa.

Sentensi ya kwanza ni fupi na inavutia kama kichwa cha habari. Lakini imeacha mambo matatu. Imeacha ukadiriaji, unaobebwa na inakadiriwa na zipatazo. Imegeuza hatari kuwa tukio kwa kutumia kiambishi cha wakati ujao -ta- bila sharti. Na imeondoa sharti lenyewe, linalobebwa na iwapo. Athari yake kisera si ndogo. Msikilizaji wa sentensi (i) huweza kukata tamaa, kwani lililokwisha kuandikwa halifutiki. Au akasubiri, na asipoona maangamizi kesho akahitimisha kwamba wanasayansi ni waongo. Sentensi ya pili inamwachia nafasi ya kutenda.

Kiswahili hakina upungufu wa njia za kueleza shaka na sharti. Kina huenda, yamkini, pengine, yasemekana. Kina -ki-, -nge- na -ngali-. Kina iwapo na endapo. Upungufu uko katika mazoea yetu ya kutumia njia hizi ovyoovyo. Iwapo huenda itawakilisha kiwango kimoja leo na kingine kesho, sera itajengwa juu ya mchanga. Huu ni uwanja wa utafiti unaofaa kwa tasnifu ya uzamili, na bado haujalimwa vya kutosha.

5.0 Visa viwili kutoka Baringo

5.1 Mathenge: kilicholetwa

Mathenge ni jina ambalo Wakenya wameupa mti wa Prosopis juliflora, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia mradi wa upandaji miti uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa na kupata kuni. Ulikuwa pia ushirikiano wa kimataifa uliotegemea sayansi ya wakati wake.

Mti ulistawi kupita matarajio. Utafiti wa picha za setilaiti umeonyesha kwamba eneo la mathenge katika bonde hilo lilikuwa chini ya hekta 1,000 mwaka 1988, na likazidi hekta 18,000 kufikia mwaka 2016. Malisho yalimezwa, njia za maji zikazibwa, miiba ikajeruhi watu na mifugo. Maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, na mbuzi aliyepoteza meno akaletwa kama kielelezo cha ushahidi. Wengine walicheka. Lakini tukilitazama tukio hilo kwa jicho la mwanaisimu, tunaona jamii iliyokosa njia ya kuingiza maarifa yake katika lugha ya sera, ikaamua kumleta shahidi asiyehitaji mfasiri.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya wameshirikiana na wenzao wa Ethiopia, Tanzania na Uswisi kuchunguza miti vamizi na namna ya kuidhibiti. Mwezi wa Septemba 2023 IPBES ilitoa tathmini yake kuhusu spishi vamizi. Kulingana na tathmini hiyo, spishi ngeni zaidi ya 37,000 zimepelekwa na binadamu katika maeneo mbalimbali ya dunia, na zaidi ya 3,500 kati yazo zina madhara. Zimechangia asilimia 60 ya matukio ya kutoweka kwa spishi yaliyorekodiwa, na gharama yake kiuchumi ilizidi dola bilioni 423 kwa mwaka 2019. Shabaha ya 6 ya mfumo wa mwaka 2022 inataka kasi ya kuingia na kustawi kwa spishi kama hizi ipunguzwe kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030.

Istilahi inayotumika ni spishi ngeni vamizi. Neno geni linahitaji uangalifu katika utamaduni wetu, kwa maana sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mahindi na mihogo ni mimea migeni Afrika, na hakuna anayeitaka iondoke. Kinacholeta madhara ni uvamizi, wala si ugeni peke yake. Methali nyingine inatusaidia zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji ana haki ya kuuliza mgeni atafanya nini na atakaa vipi. Baringo ilinyimwa fursa ya kuuliza. Laiti wafugaji wangalielezwa kwa lugha wanayoielewa kwamba mti huo husambazwa na mifugo inayokula maganda yake, wao, wanaojua mienendo ya mifugo kuliko mtu yeyote, wangalikuwa wa kwanza kuona hatari.

5.2 Ziwa Bogoria: kilichotolewa

Katika wilaya ya zamani ya Baringo, leo kaunti, liko pia Ziwa Bogoria, lenye maji ya magadi na chemchemi za moto. Ndani yake huishi vijiumbe visivyoonekana kwa macho ambavyo vimezoea hali ambayo ingeua viumbe wengi. Mwaka 1992 mwanasayansi kutoka Uingereza alichukua sampuli, na baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijiumbe vya maziwa hayo ya magadi vikaingia katika biashara, ikiwamo ya kufifisha rangi ya vitambaa vya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba Kenya haikupata mgawo uliostahili. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti wa vijiumbe na ugavi wa manufaa yake.

Jamii ya Waendorois, iliyoondolewa kando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama, ilipeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa haki. Kwa hiyo swali la nani ni mwenye ziwa, na nani anayestahili kuulizwa, lilikuwa wazi wakati sayansi ilipokuwa ikiendelea na kazi yake.

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, ilikusudiwa kuziba mwanya huu. Msingi wake ni ridhaa inayotolewa kabla, baada ya kufahamishwa. Tuichanganue dhana hii kisemantiki. Ridhaa ina viungo viwili: hiari na ufahamu. Mtu aliyetia kidole gumba kwenye waraka wenye istilahi kama rasilimali za kijenetiki, bila kuelezwa kwamba kijiko kimoja cha tope kinaweza kuwa na thamani ya viwandani, ana hiari lakini hana ufahamu. Ridhaa yake ina kiungo kimoja tu. Hapa mwanaistilahi hafanyi kazi ya kupamba lugha. Ubora wa neno alilolitunga huamua iwapo makubaliano ni halali kimaadili au la.

6.0 Katiba na lugha ya umma

Katiba ya mwaka 2010 inatupa msingi madhubuti. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa, na pia kama mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 10 inautaja ushirikishwaji wa watu miongoni mwa maadili ya kitaifa. Ibara ya 69 inaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bioanuwai, na ihimize umma ushiriki katika kutunza mazingira. Kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za kimazingira zilikwisha kuagiza kwamba matangazo ya redio yatolewe katika lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanyike.

Tangazo, hata hivyo, humjulisha mwananchi kwamba ripoti ipo. Ripoti yenyewe kwa kawaida huwa ya Kiingereza, tena cha kitaalamu. Mwananchi ameitwa mezani, lakini chakula kimewekwa katika chungu asichoweza kukifunua.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi ya kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ni heri kuwafundisha wananchi Kiingereza. Jibu letu ni kwamba mtafiti anahitaji lugha ya kuwasiliana na watafiti wenzake; mwananchi anahitaji lugha ya kuamua. Mahitaji haya mawili si mamoja. Jukwaa lenyewe la IPBES linatambua hivyo, ndiyo maana mihtasari yake kwa watungasera hutolewa katika lugha zote sita za Umoja wa Mataifa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wailchamus wa Baringo huzungumza lahaja ya Kimaa, nao Waendorois ni wa jamii ya Wakalenjin. Je, kuweka Kiswahili mahali pa Kiingereza si kubadilisha mlinzi wa lango tu? Tunakubali kwamba hatari hiyo ipo. Kiswahili hakipaswi kuwa kituo cha mwisho. Kazi yake ni kuwa daraja: istilahi ikishakuwa na maelezo ya wazi kwa Kiswahili, mkalimani wa kijijini ana mahali pa kuanzia, na hana haja ya kuruka moja kwa moja kutoka Kiingereza cha kitaalamu hadi lugha ya mama yake. Daraja hilo lipitike pande zote mbili. Jina la mmea lililo katika Kimaa, pamoja na maarifa yanayofungamana nalo, lina haki ya kuvuka kuelekea kwa mwanasayansi, mradi wenyewe wameridhia.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza mambo manne ambayo yako katika uwezo wa vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili.

Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa biolojia kufasiri muhtasari mmoja wa tathmini ya IPBES kila mwaka. Kurasa kumi zilizofasiriwa vyema zina faida kuliko mia zilizofasiriwa kwa pupa.

Pili, kila istilahi ijaribiwe kwa wasikilizaji kabla ya kuchapishwa. Isomwe mbele ya watu kumi wasiokuwa wasomi, waombwe waieleze kwa maneno yao. Ikiwa wataeleza jambo jingine, kosa ni la istilahi wala si la wasikilizaji.

Tatu, mapendekezo yapelekwe kwa vyombo vya usanifishaji, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ili Kenya, Tanzania na Uganda, zinazogawana Ziwa Viktoria, zisiwe na istilahi tatu kwa gugumaji moja.

Nne, majina ya wenyeji yakusanywe pamoja na maelezo ya matumizi, na yahifadhiwe kwa ridhaa ya jamii zenyewe.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ushirikiano wa kimataifa katika sayansi ya bioanuwai una utaratibu makini wa kuyafikisha maarifa kwa serikali, lakini hatua kutoka serikalini hadi kwa mwananchi imeachwa kwa kiasi kikubwa bila mhandisi. Istilahi zisizotulia, dhana zinazofasiriwa bila kupimwa, na viwango vya uhakika vinavyopotea njiani huidhoofisha sera hata pale ambapo sayansi ni sahihi. Baringo ililetewa mti bila kuelezwa na ikachukuliwa vijiumbe bila kuulizwa. Wanasayansi hawawezi kuliziba pengo hilo peke yao, kwa kuwa si kazi waliyosomea. Sisi ndio tulioisomea.